Pambano la Thelathini na Saba

Mara ya kwanza Kobelo Mkude alipomsikia marehemu mke wake akikohoa, alikuwa ameinama akisukuma ndoo chini ya kamba za ulingo, na nusura maji yammwagikie miguuni. Hakugeuka upesi. Mtu aliyezika kwa mikono yake hageuki upesi anaposikia kikohozi anachokijua. Alijifuta viganja kwenye suruali, akanyoosha mgongo taratibu, ndipo akageuza shingo.

Mwajabu alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kona nyekundu, miguu ameitanua, glavu kaziweka juu ya mapaja. Kilo mia moja na mbili, vilevile alivyokuwa. Jicho la kushoto lilishaanza kuvimba. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likashuka mpaka kidevuni, likadondoka, na kabla ya kufika sakafuni likapotea. Hilo tu ndilo lililomkumbusha Kobelo kwamba aliyeketi pale ni mwanga.

“Kobelo,” Mwajabu akasema huku akihema. “Nimebakiza ngapi?”

Miaka kumi na tisa hakuna aliyekuwa amemuuliza swali lile. Mdomo wake ukajibu kabla yeye mwenyewe hajajua cha kujibu.

“Mbili tu, mama. Malizia mbili twende tukale.”

Zilibaki tano.

Uongo ule haukuanza siku ile. Ndiyo ilikuwa kazi yake kwenye kona. Wasaidizi wengine wa mabondia walikuwa na mbinu. Walichora, walipima, walizungumza habari za pembe na hatua. Kobelo aliishia darasa la nne, na mbinu aliyokuwa nayo ni moja: kumpunguzia mke wake hesabu. Bondia ukimwambia zimebaki tano, anajiwekea akiba ya tano. Ukimwambia mbili, anatoa kila kitu. Mwajabu alikuwa hahesabu raundi, au ndivyo Kobelo alivyoamini. Kila dakika ya mapumziko aliuliza swali lilelile, naye akamdanganya vilevile, mapambano ishirini na nane, mpaka lile la mwisho lililomuua.

Kengele ikalia. Mwajabu akasimama, akapigisha glavu mara mbili, akaenda katikati kumkabili Ghati Nyamhanga, mwanamke aliyekuwa mzee wa kutembelea mkongojo wakati Mwajabu anazaliwa. Hapa Ghati alikuwa na miaka ishirini na sita, mabega kama mlango wa ghala, na alikuja mbele bila kupepesa macho.

* * *

Chanzo cha yote haya kilikuwa ubishi wa vijiweni, na ubishi wenyewe ulikuwa wa zamani kuliko mashine iliyowapambanisha. Pale Morogoro, kwa kinyozi Shaweji, haukupita mchana mmoja bila watu kurushiana maneno juu ya wanawake wale wawili wa uzito wa juu ambao hawakuwahi kukutana: Ghati, waliyemwita Radi, wa zama za raundi kumi na tano, na Mwajabu, waliyemwita Kinu, wa zama za raundi kumi.

“Kinu angemla Radi raundi ya tatu,” Shaweji alikuwa akisema, wembe juu ya kichwa cha mtu.

“Kwa lipi? Radi amepigana na glavu nyembamba kama soksi! Kinu wenu raundi ya nane tu alikuwa anatafuta feni.”

“Radi aliwapiga akina nani? Wauza maandazi!”

“Muuza maandazi ndiye mwenye mkono, bwana. Kakande unga wewe wa kilo ishirini kila alfajiri, halafu uje tupigane.”

“Nyoa kwanza, Shaweji, utanikata sikio kwa ajili ya marehemu.”

Kobelo akiingia, walinyamaza kidogo kwa heshima ya mgane, halafu wakaendelea. Hakuwachukia. Ubishi wao ulikuwa bure, haumuumizi mtu, na ulimweka Mwajabu hai kwa namna yake. Aliowachukia walikuwa wakubwa wa Baraza la Ulingo, na aliwachukia bila kupumzika.

Alikuwa na sababu. Siku ile Mwajabu alipoanguka raundi ya kumi, uwanja mzima ulikuwa na daktari mmoja tu, na daktari huyo alikuwa ameitwa jukwaa kuu dakika chache kabla, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa amekula pilau ya shughuli na gesi inambana. Kobelo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Katibu wa Baraza, kijana mmoja mwenye suti, Balthazari Ngonde, akamwambia asubiri, mheshimiwa kwanza. Mwajabu alilala pale kwenye turubai dakika arobaini. Mgeni rasmi yuko hai mpaka leo na anakula pilau. Na Ngonde ndiye Mwenyekiti.

Huyohuyo Ngonde ndiye aliyekuja nyumbani kwa Kobelo na magari matatu, heshima tele, amejikunja kwenye mkeka kama mshenga aliyekuja kuposa.

“Mzee wetu,” akasema, “nchi nzima inataka kujua nani bora wa zama zote. Sasa tuna uwezo wa kuwapambanisha. Tumejenga Ulingo wa Zama. Tunamhitaji Kinu.”

“Kinu yuko makaburini. Mlimpeleka ninyi.”

Ngonde alitoa kisanduku cheusi, si kikubwa kuliko redio ya mkononi, akakiweka kwenye mkeka, akabonyeza. Ndani mle Mwajabu akasema, “Kobelo, maji.”

Maneno mawili tu. Kobelo aliinuka akaenda nje, akasimama nyuma ya choo, viganja ukutani. Aliporudi, Ngonde alikuwa ameshaweka kalamu tayari.

Masharti alisomewa. Kivuli cha Mwajabu, yaani ule mwanga wa mashine, hakitoki kupigana bila kusikia sauti ya kona yake; walijaribu sauti nyingine, kikagoma. Kwa hiyo Kobelo akae kona. Yatapigwa mapambano elfu moja, kwa sababu moja linaweza kuwa bahati, elfu ndiyo kweli. Yakikamilika elfu, kisanduku ni chake. Atamweka nyumbani kwake, ataongea naye atakavyo, mpaka siku ya kufa kwake. Na kama ilivyokuwa sheria ya zama za Mwajabu, mwenye kona ana haki ya kurusha taulo ulingoni ili pambano lisimamishwe. Ila bondia aliyetolewa kwa taulo hapangiwi nafasi, na kivuli kisicho na nafasi Baraza halikihifadhi. Kinafutwa.

“Hilo la taulo lisikusumbue,” Ngonde alisema. “Wewe hujawahi kurusha.”

Kweli hakuwahi. Kobelo akaandika jina lake.

* * *

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la katani, wamelipaka rangi na kulifunga vioo, lakini mvua ikinyesha bado lilinuka nyuzi zilizolowa. Walipiga mapambano matatu kwa siku, moja asubuhi, moja adhuhuri, moja alasiri. Watu walitazama majumbani na vijiweni. Ukumbini walikuwepo Kobelo, ndoo yake ambayo hakukubali kuiacha ingawa haikuwa na wa kumwagiwa, na Injinia Adelina, binti mwembamba mwenye miwani aliyekaa nyuma ya meza ya mitambo na kula karanga bila kukoma.

Siku za mwanzo Kobelo alikuwa mtu mwenye furaha, hakuna sababu ya kuficha. Raundi kumi na mbili, maana Baraza lilizigawa kumi na kumi na tano katikati. Raundi kumi na mbili zina mapumziko kumi na moja. Dakika kumi na moja na mke wake, mara tatu kwa siku. Alinyoa ndevu. Alinunua shati. Jirani yake mmoja alimuuliza kama anaoa, akacheka, akasema nimeshaoa.

Mwajabu kila pambano alianza upya, hana habari ya lililopita. Aliuliza ngapi, akaomba maji, akalalamika kinga ya meno inambana. Siku moja alisema, “Shati zuri,” na Kobelo akashindwa kula siku nzima.

Ilikuwa pambano la ishirini na kitu alipoanza kumtazama yule mwingine. Ghati alikuja raundi ya kwanza vile, na ya kumi na mbili vilevile. Mwajabu alimpiga konde la ini ambalo lingemlaza ng’ombe, Ghati akajikunja kama anavyojikunja kwenye picha, akanyooka, akaendelea. Hakukunja uso. Hakuhema.

“Binti,” Kobelo alimwuliza Adelina, “huyu mbona hachoki?”

Adelina alitafuna karanga polepole. “Anachoka, mzee wangu. Kasi yake inapungua kama ilivyopungua kwenye filamu.”

“Sikuulizi kasi. Nakuuliza kuumia.”

Adelina akamvutia kiti, akamweleza, na sifa yake ni kwamba alimweleza kwa lugha ya mtu na mtu. Zama za Ghati walipiga filamu tu. Kivuli chake kimejengwa kwa picha: jinsi mkono ulivyokwenda, jinsi mguu ulivyorudi. Ndani hakuna kitu. Zama za Mwajabu, mabondia walivaa fulana zilizoshonewa shanga ndogo, na shanga zile ziliandika kila kitu: moyo, pumzi, na mishipa yote ya fahamu, konde linapotua mpaka linapofika kichwani. Mapambano ishirini na nane, yote yameandikwa. Kivuli cha Mwajabu kimejengwa kwa hayo.

“Kwa hiyo mmoja ni picha,” Kobelo alisema, “na mwingine anaumia.”

“Sijui kama ni kuumia, mzee. Ni maandishi ya kuumia.”

“Yatoeni.”

“Tulijaribu. Ukiyatoa, hapigani. Anasimama katikati ya ulingo kama mtu anayesubiri gari. Makonde yanampata, na yeye anaangalia taa.”

“Sasa huyo bora wa zama zote mtampataje, kama mmoja ana mwili na mwingine hana?”

“Nimeliandika hilo kwenye ripoti. Mwenyekiti alisema watazamaji hawaoni tofauti.”

Kobelo akataka kunyanyuka. Adelina akamshika mkono wa shati, kisha akaonekana kujuta.

“Kuna jambo jingine. Pengine nisingekuambia. Lakini wewe ndiye mwenye kona.” Akawasha kioo. Mistari miwili ikaonekana, mwekundu na mweupe. “Huu mweupe ni raundi ulizomwambia, na huu mwekundu ni akiba ya moyo wake. Unaona kila mapumziko? Hapa ulimwambia mbili, zilikuwa nne. Moyo ukajiwekea akiba ya nne. Hapa ulimwambia moja, zilikuwa tatu. Akiba ya tatu. Mapambano ishirini na saba, mzee wangu. Hakukuamini hata siku moja. Alikuwa anahesabu mwenyewe. Alikuuliza tu.”

Kobelo aliutazama mstari. Kitu kama kicheko kilimpanda kifuani. Ishirini na saba! Mwanamke yule!

“Na la ishirini na nane?”

Adelina akasogeza picha. Mstari mwekundu ulikwenda sawa mpaka mapumziko ya raundi ya nane, halafu ukaporomoka mpaka chini, raundi ya tisa yote, na raundi ya kumi ukaanza bila kitu.

“Hapa uliongea zaidi ya kawaida,” Adelina alisema. “Sauti haikunaswa vizuri. Ulimwambia nini?”

Darasa la nne, lakini mstari ule Kobelo aliusoma. Siku ile Mwajabu alikuwa anashindwa kwa pointi, na kwenye kigoda aliuliza ngapi, naye akamwambia hii ndiyo ya mwisho. Mwajabu akamtazama. Akasema, “Haki ya nani?” Na Kobelo, katika jazba ya kutaka mke wake ashinde, akasema, “Haki ya mjomba wako aliyelala Mgeta.” Kwao Waluguru hutaji marehemu mjomba wa mtu kwenye uongo. Mjomba ndiye ukoo, ndiye jina, ndiye ardhi. Hakuna mtu mwenye akili zake anayefanya hivyo. Kwa hiyo Mwajabu aliamini. Raundi ya tisa alipiga kama amepandwa na pepo, uwanja mzima ulisimama, na alipomaliza alinyoosha mikono juu kushangilia. Ndipo akaambiwa bado moja.

Miaka kumi na tisa Kobelo alikuwa ameiweka habari hiyo chini ya daktari na pilau. Daktari na pilau vilikuwa kweli. Hata hiki kilikuwa kweli.

* * *

Pambano la thelathini Mwajabu alifanya jambo ambalo halikuwepo kwenye filamu yoyote. Kabla ya kengele ya kwanza, hajaguswa, alijikunja. Aliingiza kiwiko kwenye mbavu za kulia, palepale Ghati alipokuwa anampiga kila siku.

“Si mnamfuta kumbukumbu kila mara?” Kobelo aliuliza.

“Tunafuta,” Adelina alisema. Alikuwa ameacha karanga. “Hakumbuki kitu. Lakini kuna mabaki. Mwili unajikunja.”

La thelathini na moja, vivyo hivyo. La thelathini na nne, Mwajabu alikuwa anatetemeka kigodani kabla pambano halijaanza, na hakujua kwa nini, akamwomba Kobelo samahani. “Sijui nina nini leo,” alisema. “Labda malaria.”

Kobelo alikwenda kwa Mwenyekiti. Alimkuta ofisini juu ya ghala, anakunywa chai ya maziwa na sambusa.

“Mke wa mtu anaumia kule chini.”

“Mzee, kule chini hakuna mke wa mtu. Kuna umeme.”

“Kama ni umeme, kisanduku ulichoniahidi ni cha nini? Utanipa umeme niuweke mezani niuite mke wangu?”

Ngonde alitabasamu kama mtu aliyepigwa konde zuri na hataki majaji waone. Akaweka sambusa chini.

“Nikwambie ukweli? Mimi sijui ni nini. Hata hao mainjinia hawajui. Lakini wewe unajua unachokitaka, maana umenyoa ndevu. Mapambano mia tisa na ushei. Miezi kumi. Baada ya hapo haumwi tena, hapigwi tena, anakaa na wewe tu. Mtu ameteseka miezi kumi, akapumzika miaka yote. Kuna wagonjwa wangapi wasiopata bei hiyo?”

Ubaya wa watu wakubwa ni kwamba mara nyingine wanasema sawasawa na moyo wako. Kobelo alishuka ngazi akiipiga hesabu, na hesabu ilikuwa tamu. Miezi kumi. Halafu asubuhi moja angechemsha chai, angeweka kisanduku dirishani, na Mwajabu angemtania shati lake. Angekufa akiwa anasikia mtu anamwita kwa jina. Nani angemlaumu? Alimpoteza mara moja kwa uzembe wa watu. Sasa anaambiwa ampoteze mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe, na asibaki hata na kikohozi.

Alasiri ile akakaa kona. Mwajabu akauliza ngapi. Akamdanganya.

* * *

Pambano la thelathini na saba lilikuwa la asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, na ghala lilinuka katani.

Raundi ya kwanza Mwajabu aliangushwa. Ya tatu akaangushwa tena. Alikuwa anapigana amejikunja, kiwiko hakitoki mbavuni, na kwa hiyo kichwa kilikuwa wazi. Ghati alipiga kichwa. Hakuwa na hasira. Hakuwa na chochote. Raundi ya saba jicho la kushoto likafunga kabisa, na Mwajabu alirudi kona akiipapasa kamba kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Akaketi. Kinga ya meno ilikuwa imemchana mdomo.

“Kobelo. Nimebakiza ngapi?”

Kobelo alichuchumaa mbele yake. Alizoea kulijibu swali lile bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi. Safari hii lilimkwama. Alilitazama lile jicho lililobaki wazi, nalo lilikuwa linamtazama kwa utulivu, na akafahamu kwamba mwanamke huyu hakuwahi kuuliza ili ajue. Alikuwa anauliza ili amsikie mumewe akitaka jambo liishe.

“Tano,” alisema.

Nyuma ya meza, taa moja ya manjano ikawaka, kisha ya pili.

“Mzee wangu,” Adelina aliita kwa sauti ya chini, “hilo hajawahi kulisikia.”

“Tano,” Kobelo alirudia, “na zikiisha hizo, kuna mapambano mia tisa sitini na matatu. Kama hili. Na huyuhuyu. Umeshapiga thelathini na sita, hukumbuki. Ndiyo maana unatetemeka. Si malaria, mama.”

Kifua cha Mwajabu kilipanda na kushuka. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe na kukuta chumba ambacho hakukijua. Ilichukua muda. Saa ya mapumziko ilikuwa inakwenda, sekunde ishirini, kumi na nane.

“Haki ya nani?” akauliza.

“Sina wa kumwapia. Mjomba wako nilishamtumia vibaya. Siku ile ya mwisho nilikuambia moja, zilikuwa mbili. Nilimtaja yeye, ukaniamini, ukafa.”

“Nimekufa?”

“Miaka kumi na tisa.”

Sekunde tisa. Mwajabu aligeuza kichwa, akamwangalia Ghati aliyesimama kona ya pili, hajakaa, maana zama zake kwenye filamu hakuna aliyempiga picha akiwa amekaa. Kisha akamrudia mumewe, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, kama alivyofanya siku zote ishirini na saba walizorudi nyumbani wazima.

“Basi nivue,” akasema.

Kobelo alishika glavu, na vidole vyake vikapita. Akajaribu tena kamba za kifundo. Hakuna kamba. Kulikuwa na mwanga, na vidole vya mzee ndani yake.

Kengele ikalia.

Mwajabu akasimama. Hakutaka, uso wake ulikuwa bado umeelekea kona, na mikono ameinyoosha ili avuliwe. Lakini katika maandishi yote ya mwili wake hakukuwa na siku aliyobaki kigodani, kwa sababu hakukuwa na siku mwenye kona alimwambia abaki. Miguu ikampeleka katikati kinyumenyume, akimtazama mumewe. Ghati akaja. Konde la kwanza lilimpata nyuma ya sikio.

Taulo lilikuwa begani kwa Kobelo. Lilikuwepo hapo miaka yote, mapambano yote. Alilitumia kufutia jasho. Alilivuta. Mkono ukawa mzito, na hakuna sababu ya kusema kwamba haukuwa mzito. Konde la pili. Aliona shati, chai, dirisha. Konde la tatu, na Mwajabu bado hajaishusha mikono.

Akalirusha.

Taulo lilipita ndani ya bega la Mwajabu, likaanguka sakafuni katikati ya miguu ya Ghati. Ghati akalikanyaga, akaendelea kupiga. Zama zake hakuna aliyewahi kumrushia.

“Simamisha!” Kobelo alipiga kelele. “Adelina! Taulo liko ndani!”

Adelina alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe. Juu ya ngazi mlango ulifunguka, na Ngonde akatokea na kikombe mkononi, akatikisa kichwa mara moja tu, kama mtu anayekataa sukari. Nchi nzima ilikuwa inatazama. Adelina alimwangalia Mwenyekiti, akamwangalia yule mwanamke mwenye mikono wazi. Akabonyeza.

Mwajabu akatoka. Hakufifia, hakuaga. Alikuwepo, halafu pakawa na turubai. Ghati alibaki, amekunja ngumi, akazunguka mahali ambapo hapakuwa na mtu, akapiga, akarudi hatua, akapiga tena, mpaka Adelina alipokumbuka kumzima naye.

* * *

Haikupita robo saa Ngonde akaja na karatasi. Hakuwa na ukali. Alikuwa na haraka. Radi alikwishatangazwa bora wa zama zote, na ilibaki sahihi ya kona ili faili lifungwe.

“Hapa, mzee wetu. Ni utaratibu tu.”

Kobelo alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kona nyekundu. Aliichukua karatasi, akaishika mbali na macho, akaanza kuisoma kwa midomo, silabi moja moja. Ngonde aliangalia saa. Kobelo alifika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akausoma tena.

“Mmeandika amejitoa kwa hiari yake.”

“Ni lugha ya ofisi.”

“Hakujitoa.”

“Mzee, matokeo ni yaleyale. Kuna tofauti gani?”

“Mpeni Radi cheo, sigombani na picha. Lakini huyu hajajitoa. Hata mlipomuua hakujitoa. Mwenye kumtoa alikuwepo, kila siku, na taulo alikuwa nalo.” Akairudisha karatasi. “Andika ametolewa na mumewe.”

Adelina, aliyekuwa tayari anakusanya vitu vyake mezani kama mtu anayejua kwamba kesho hana kazi, alikuja akaichukua karatasi mkononi mwa Mwenyekiti bila kuomba. Akakata maneno manne kwa kalamu, akaandika mengine juu yake.

“Soma,” Kobelo alimwambia. “Soma kwa sauti nisikie.”

“Bondia Mwajabu Mloka,” Adelina alisoma, “pambano la thelathini na saba, raundi ya nane. Ametolewa na mumewe.”

Kobelo akaipokea karatasi, akaiweka juu ya goti, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, bila mtu kumharakisha.